Pikipiki Iliyokula Vumbi

Ukitoka Kamina, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uelekee upande wowote, haupiti muda mrefu kabla ya kukanyaga udongo, na miezi ya kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, udongo huo ni mchanga na vumbi. Mji wenyewe ni mtoto wa reli. Kampuni ya BCK ilikamilisha njia yake kutoka Bukama hadi Ilebo, enzi zile ikiitwa Port-Francqui, mwaka 1928. Mwaka 1956 reli nyingine ikaiunganisha Kamina na Kabalo, na mji ukawa njia panda ya treni za Lubumbashi, za Kasai na za kuelekea Ziwa Tanganyika. Tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Lakini treni inakushusha stesheni, haikufikishi shambani. Baada ya stesheni kuna vijia vinavyopita katikati ya mihogo na mahindi, vingine vyembamba kiasi kwamba watu wawili hawapishani bila mmoja kukanyaga majani. Huko unakwenda kwa miguu, kwa baiskeli, au kwa pikipiki.

Mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali, muuguzi wa kituo cha afya, mwinjilisti mwenye makanisa matano, mama anayenunua samaki upande wa Ziwa Upemba na kuwauza mjini: wote hawa siku moja watafikiria kununua pikipiki, na wengi wao watanunua ya okazi, yaani iliyokwisha kutumiwa na mwingine. Sura hii ni ya mtu huyo, hasa yule ambaye hajawahi kuendesha na ambaye fedha aliyonayo ni ya mara moja tu. Akikosea, hatapata nyingine karibuni. Ndiyo maana naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyochukuliwa pale chini ya mti ambako pikipiki zinauzwa.

Nianze na lile ambalo mengine yote yanalitegemea. Katika nchi ya mchanga pikipiki inauawa na vitu viwili: vumbi linaloingia ndani ya injini, na mzigo unaovunja mifupa yake. Umri si cha tatu. Nimeziona pikipiki za miaka kumi zinazowaka kwa kiki ya kwanza, na za miaka miwili ambazo injini imebaki ganda. Kwa hiyo mnunuzi anayeuliza “ni ya mwaka gani?” anauliza swali dogo. Swali kubwa ni imepumua hewa ya namna gani, na imebeba nini. Majibu yote mawili yameandikwa kwenye chombo chenyewe, na mtu asiye fundi anaweza kujifunza kuyasoma kwa asubuhi moja.

Kwanza chagua aina. Sokoni utakutana na pikipiki za Kihindi, TVS na Bajaj Boxer. Utakutana na za Kichina za majina mengi, baadhi yakibadilika kila msimu. Na mara chache utakutana na Yamaha ya zamani, AG 100, AG 200 au DT 125, iliyowahi kuwa ya misheni, hospitali au shirika la misaada. Kila kundi lina hoja yake.

Nyingi za Kichina za sisi 125, yaani cc 125, zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG 125, iliyotolewa mwaka 1976. Wahandisi wa Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambako pikipiki inabeba kupita kiasi na kuhudumiwa kwa nadra. Waliacha mnyororo wa ndani unaozungusha valvu kule juu ya silinda, wakarudi kwenye fito za kusukuma, mfumo wa zamani lakini mvumilivu. Ndiyo sababu fundi wa kijijini anaweza kuifungua injini hiyo juu ya gunia na kuifunga tena ikafanya kazi. Udhaifu wa nakala hauko kwenye ubunifu, uko kwenye vyuma: beringi laini, spoki laini, nyaya nyembamba. Boxer na TVS zina mnyororo wa ndani, na ukichakaa unasikika kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Hata hivyo chuma cha pikipiki hizo kwa kawaida ni bora.

AG 100 nayo ni mashine ninayoiheshimu sana. Yamaha waliitengeneza kwa wakulima na wafugaji, hivyo mnyororo wake umefunikwa wote ndani ya kasha, mchanga hauufikii. Ina keria mbele na nyuma, na vyuma vya kukinga mikono. Lakini injini yake ni ya mipigo miwili: inachoma oili pamoja na petroli, na vipuri vyake vimekuwa adimu. Anayeanza asiinunue kwa sababu tu ilikuwa ya padri. Aulize kwanza nani mjini anauza pistoni yake. Kipuri kisichopatikana Kamina kinaagizwa Lubumbashi, kinasubiri treni au lori, na wakati huo wote pikipiki imelala nyumbani. Kwa anayeanza, pikipiki iliyo nzuri zaidi ni ile ambayo majirani watano wanayo na fundi wa karibu anaijua kwa macho yaliyofumbwa.

Kuhusu nguvu ya injini, vijana hawapendi kusikia ninachosema: chukua sisi 100 hadi 125, usipande zaidi. Mchanga mlegevu hausamehi uzito. Gurudumu la mbele likizama, mtu mwenye pikipiki nyepesi anaweka mguu chini na kuendelea. Mwenye pikipiki nzito inamlalia mguuni. Watu wa nchi za theluji wanaijua kanuni hii. Huko Québec, ambako Wakongo wengi wamehamia, Joseph-Armand Bombardier wa mji mdogo wa Valcourt alianza kuuza Ski-Doo mwaka 1959, pikipiki ya theluji yenye mkanda nyuma na mbao za kutelezea mbele. Iliwashinda watangulizi wake kwa sababu ilikuwa ndogo na nyepesi. Magari ya theluji ya awali yalikuwa makubwa kama basi. Mpaka leo anayeanza huko hushauriwa anunue ya okazi yenye injini ya wastani, apime mgandamizo wa silinda, na atafute nyufa za ajali kwenye fremu. Theluji na mchanga vyote vinakimbia chini ya chombo, na anayejifunza juu ya ardhi inayokimbia anahitaji chombo anachoweza kukiinua peke yake. Basi jaribu hilo hapo hapo sokoni: ilaze pikipiki chini taratibu, kisha uiinue. Ukishindwa, hiyo si yako.

Sasa tuje kwenye kuikagua. Mwambie muuzaji siku moja kabla, kwa heshima: “Papa, nitakuja kesho asubuhi na mapema. Naomba usiiwashe kabla sijafika.” Injini yenye maradhi huwaka vizuri ikishapata joto, na muuzaji mjanja anaizungusha mtaani kabla hujaja. Ukifika, gusa silinda kwa kiganja. Kama ni ya moto, kaa chini, zungumzeni habari za familia mpaka ipoe. Kama hana muda wa kusubiri, wewe pia huna haraka ya kununua.

Kabla ya kuiwasha, fungua kasha la chujio la hewa. Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atumie muda mwingi kuliko mahali pengine pote. Kwenye nyingi ya pikipiki hizi liko ubavuni, chini ya kiti, nyuma ya kifuniko cha plastiki chenye skrubu mbili au tatu. Ndani lazima uone chujio: la karatasi iliyokunjwakunjwa au la sponji. Sponji nzuri ina unyevu kidogo wa oili, maana oili ndiyo inayolinasa vumbi. Sponji kavu inapitisha vumbi laini kama chekecheke. Mara nyingi utakuta chujio limetobolewa, au limeondolewa kabisa na mahali pake kuna kipande cha kitambaa, au hakuna kitu. Waendeshaji huliondoa kwa sababu chujio lililoziba linaipunguzia injini nguvu, nao badala ya kulisafisha wanalitupa. Pikipiki inapata nguvu siku hiyo, kisha inaanza kufa.

Usiishie hapo. Pitisha kidole ndani ya mpira unaotoka kwenye kasha kwenda kwenye kabureta, upande ule ambao hewa ilikwisha kupita chujio. Kidole kikitoka safi au na oili kidogo, mwenye pikipiki alikuwa mwangalifu. Kikitoka na vumbi jekundu, na ukilisugua kati ya vidole ukasikia chembe, basi chembe hizo hizo zimekwenda kwenye silinda. Mchanga ni mgumu, unasaga. Unakula ringi za pistoni na ukuta wa silinda mpaka pistoni inacheza ndani, mgandamizo unapotea, na oili inapanda juu kuungua. Angalia pia mpira wenyewe kama una ufa, maana chujio jipya mbele ya mpira uliopasuka halisaidii kitu. Kuna wauzaji wanaoweka chujio jipya asubuhi ya mauzo. Kidole ndani ya mpira kinawaumbua, kwa sababu ni wachache wanaokumbuka kuosha mpira.

Baada ya chujio, pima mgandamizo bila chombo chochote. Funga swichi, sukuma kiki kwa mkono, polepole. Lazima ufike mahali ambapo inakataa, kama mlango unaosukumwa na mtu aliye upande wa pili, kisha inaachia. Ikizunguka laini bila kukataa popote, ringi au valvu zimechoka. Jaribu kwanza kwenye pikipiki mpya ya rafiki ili mkono wako ujue kukataa kunafanana na nini.

Ndipo uiwashe. Simama nyuma, mtu mwingine aongeze mafuta taratibu. Kwa injini ya mipigo minne, moshi wa bluu unaotoka mwanzoni na kupotea ni sili za valvu, maradhi madogo. Moshi wa bluu unaoongezeka kila anapovuta mafuta ni ringi na silinda. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, mara nyingi kabureta au chujio lililoziba. Kisha, injini ikiwa inazunguka polepole, legeza kifuniko cha kujazia oili: moshi ukitoka pigo kwa pigo kama anayevuta kiko, gesi inapita pembeni ya pistoni. Silinda iliyoliwa inaweza kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo, lakini uliza imekwisha kuchongwa mara ngapi. Ikifika kipimo cha mwisho, utanunua silinda nzima. AG 100 na ndugu zake wa mipigo miwili watatoa moshi wa bluu hata wakiwa wazima, hivyo kwao tegemea mkono kwenye kiki kuliko macho.

Pima oili kwa kijiti chake. Injini hizi za mipigo minne zina karibu lita moja tu, na lita hiyo ndiyo inayolainisha, inayopoza na inayosafisha. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Ikiwa inametameta ukiitazama kwenye jua, ni unga wa chuma.

Sasa mzigo. Pikipiki iliyobeba magunia au abiria watatu kila siku haiwezi kulificha hilo. Piga magoti nyuma yake utazame magurudumu mawili kwa mstari: kama hayapo kwenye mstari mmoja, fremu au mkono unaoshika gurudumu la nyuma umepinda. Fuata maungio ya fremu chini ya kiti na mahali keria inapofungiwa, ukitafuta nyufa na uchomeleaji mpya. Rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu, hasa hapo, ikague kwa ukucha. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kulia na kushoto. Likicheza, bushi au beringi zimeisha. Gonga spoki moja moja kwa bisibisi: iliyokaza inalia, iliyolegea inanyamaza. Rimu ya mbele iliyobonyea inasimulia shimo lililopigwa na mzigo ukiwa juu.

Halafu inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani kwa kidole. Ukikwama kidogo katikati, pale unapoelekea mbele moja kwa moja, beringi za shingo zimechimbika, na kwenye mchanga pikipiki hiyo itakuwa inakwenda inakotaka yenyewe. Hili ni la hatari kwa anayeanza kuliko hata injini mbovu, kwa sababu injini mbovu inakuacha njiani, lakini shingo mbovu inakuangusha.

Mnyororo na meno yake visikutishe, ni vitu vya kubadilisha: vuta mnyororo kutoka nyuma ya sproketi, ukiona nusu ya jino, hesabu bei ya seti mpya na uipunguze kwenye bei anayotaka. Vivyo hivyo tairi, nyaya, plagi, betri, taa.

Jaribio la mwisho ni la kuendesha, na kama hujui bado, nenda na mtu unayemwamini ambaye hana urafiki na muuzaji. Msipime barabarani mbele ya duka. Ombeni kwenda kwenye mchanga, na kama ni msimu wa mvua, Oktoba mpaka Aprili, mkumbuke kwamba mchanga uliolowa unashikana na unaisamehe pikipiki. Wa kiangazi hautasamehe. Gia ya pili chini ya mzigo ndiyo inayosema ukweli: ikiruka na kutoka yenyewe, sanduku la gia linahitaji kufunguliwa. Injini ikipiga kelele huku mwendo hauongezeki, klachi inateleza, na klachi ikiteleza mchangani hutoki.

Aliyekuwa nayo ni nani? Hili nalo linauzwa pamoja na chombo. Pikipiki ya teksi, ya wale wanaoitwa manseba kule Lubumbashi, imefanya kazi kutwa kucha, mara nyingi mikononi mwa dereva ambaye si mwenye mali na anayetakiwa kupeleka fedha kila jioni. Ina kilometa nyingi kuliko dashibodi inavyoonyesha, na kebo ya dashibodi huwa imekatika zamani. Sisemi usiinunue kamwe. Nasema uikague mara mbili. Ya shirika au misheni kwa kawaida ina daftari la safari na matengenezo. Liombe. Pikipiki yenye daftari la oili iliyobadilishwa kwa tarehe ina thamani kuliko yenye rangi inayong’aa, hata kama tangi limechubuka.

Hati zisichukuliwe kama jambo la baadaye. Soma namba iliyopigwa kwenye shingo ya fremu na ile iliyo kwenye ganda la injini, uzilinganishe herufi kwa herufi na kadi ya pikipiki, ile tunayoiita carte rose. Namba iliyokwaruzwa au iliyochomelewa upya ni sababu ya kuondoka bila mjadala, hata kama bei ni nusu. Andikianeni hati ya mauzo yenye namba zote mbili, mashahidi wa pande zote, na ikiwezekana mbele ya chifu wa mtaa. Bima pia iulizwe: zamani ilikuwa SONAS peke yake, lakini sheria ya 2015 ilifungua soko kwa kampuni nyingine, hivyo unaweza kulinganisha.

Unapofika kwenye bei, usitoe fedha yote uliyo nayo. Weka kando fungu la matengenezo ya siku ya kwanza, maana hata pikipiki nzuri ya okazi inayahitaji: oili mpya, chujio jipya, mnyororo ukazwe, breki zirekebishwe, bakuli la kabureta limwagwe. Petroli ya chupa ya makadhafi, wale wauzaji wa barabarani, mara nyingi ina maji na takataka, na vyote hivyo hutuama kwenye bakuli hilo. Baada ya hapo, kiangazi kizima, chujio la sponji lioshwe kwa maji na sabuni mara kwa mara, likauke kivulini, lilowekwe oili na kukamuliwa. Ukitoka safari ndefu nyuma ya malori, lioshe siku hiyo hiyo. La karatasi halioshwi. Linakung’utwa, na likichakaa linabadilishwa.

Na ukishaipata, anza peke yako. Tafuta uwanja wazi wenye mchanga, keria ikiwa tupu, upepo wa tairi umepunguzwa kidogo, macho yatazame mbali badala ya gurudumu, mkono wa mafuta usiachie ghafla. Endesha hivyo mpaka uanguke mara kadhaa na kuinuka bila woga. Nunua kofia ngumu mbili, yako na ya abiria, kabla ya kununua redio au mapambo ya usukani. Na mpaka siku utakapoweza kupita kijia cha mchanga kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuweka mguu chini, tafadhali usimpakie mtoto wa mtu.